Mboga ya Mzee

Mapera, Mbinga
6 Februari 1994

Mwanangu Daktari Abdulhamid,

Salamu nyingi. Sisi huku juu tu wazima isipokuwa huyo mgonjwa. Barua hii naandika kwa mkono wangu, sikumwomba mwalimu wala katekista. Nilisoma elimu ya watu wazima, na katika darasa zima mimi ndiye niliyepata cheti kwanza, mwalimu akasema Mansuetus ungeanza shule ukiwa mdogo leo ungekuwa mkuu wa wilaya. Kwa hiyo ukiona herufi zimelala, ujue ni kalamu mbovu.

Baba yako Bakili namfahamu. Kanga ya harusi ya huyu mke wangu unayemtibu niliinunua dukani kwake, na sikuomba kupunguziwa.

Siku ile hospitalini uliniuliza maswali watu wamepanga foleni wanasikia. Sikupenda. Mtu mzima haulizwi nyumba yake inakula nini kama mfungwa. Tena ulianza kumwuliza mke wangu, Mama Othmar, naye akanitazama, ndivyo alivyolelewa, nikajibu mimi kwa mkato. Sasa najibu vizuri.

Chakula. Kwangu mboga haijawahi kukosa. Maharage kila siku, Jumapili kuku au nguruwe. Ugali wetu ni sembe nyeupe ya mashine, si ile dona ya watu wenye shida. Na sengu yangu ingali hai. Labda baba yako hakukusimulia mambo ya Wamatengo: sengu ni pale wanaume wa ukoo tunapokaa pamoja kula na kukata mashauri. Wenzangu wameacha, siku hizi kila mtu anajifungia ndani na mkewe kama kuku. Mimi sijaacha. Vyungu vinatoka jikoni kwa Mama Othmar vinafuka, ndugu zangu wote wanakula wanafuta midomo. Uliza mpaka Litumbandyosi nani analisha watu.

Pombe hanywi. Wanaume wengine hana, na swali hilo usirudie.

Ngozi ya mikono na miguu bado nyeusi, inabanduka kama mtu aliyeunguzwa na uji. Shingoni ndiyo imezunguka kama mkufu, anaificha kwa kanga. Tumbo linamwendesha. Ulimi mwekundu. Majirani wananong'ona kwamba ni ule ugonjwa wa siku hizi. Nimewaambia wakinong'ona karibu na uwanja wangu nitawavunja miguu. Lakini wewe niambie.

Ni mimi,
Mansuetus, mkulima bora wa kahawa

*

Hospitalini, kando ya ziwa
21 Februari 1994

Mzee wangu Mansuetus,

Shikamoo. Barua yako imenifikia kwa mkono wa Methodi, dereva wa gari la dagaa. Nisamehe kwa yale maswali ya foleni, chumba tulicho nacho ni hicho kimoja.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Damu ya Mama imepimwa. Si ule ugonjwa wanaounong'ona. Waambie majirani, au usiwaambie, ila wewe lala.

Sasa ni ugonjwa gani? Mzee, sijui bado, na sitaki kukudanganya. Sisi tuliosomea magonjwa ya ndani tunafundishwa kwamba mgonjwa akija na kuni nyingi, tutafute kwanza kamba moja inayofunga mzigo wote. Mama ana ngozi, ana tumbo, na tangu nimemwona naona na mawazo yake yanapotea katikati ya maneno. Kuni tatu. Kamba sijaishika.

Nilipomwona nilifikiria jambo moja la chakula, nililowahi kuliona kwa wakimbizi wa Msumbiji waliokaa ng'ambo ya ziwa wakila unga mtupu. Ndiyo maana niliuliza anakula nini. Lakini kwa maelezo yako, nyumba yenye maharage kila siku na sengu inayolisha ukoo si ya ugonjwa ule. Nimeliweka pembeni.

Nimewaandikia mabingwa wawili Dar es Salaam. Mmoja anasema ni kinga ya mwili inayogeuka kumshambulia mwenyewe, ngozi kwanza halafu ndani. Mwingine anasema ni utumbo usiofyonza chakula. Wote ni walimu wangu na hawakubaliani. Mlete alazwe, nimtazame kwa macho yangu.

Mwanao,
Dk. Abdulhamid Bakili

*

Hospitalini
27 Machi 1994

Mzee wangu,

Shikamoo. Tangu umwache Mama hapa ukarudi kupalilia, habari ni njema. Tumbo limetulia. Ngozi mpya inatoka mikononi, laini. Jana aliwaimbia wagonjwa wenzake wimbo wa kanisani mpaka mwisho bila kukosea.

Nilimwanzishia vidonge vya kutuliza kinga, kama alivyoshauri yule bingwa wa kwanza. Naona tumepatia. Nakiri kwamba nilitembea wodini siku hiyo nikijiona daktari kweli.

Siku za mwanzo alitusumbua kidogo kwenye kula. Hapa chakula cha wodini ni ugali na usipa, hawa dagaa wa ziwani, au maharage. Alikuwa anakula ugali, samaki anawasogeza pembeni ya sahani anawafunika na mkono. Muuguzi wetu Eunice akimwuliza, Mama mbona huli? Anasema, "Ya mzee hiyo." Tukaona ni zile akili zinazopotea. Eunice akabuni, akamwambia, "Mzee ameshakula, ameshiba, amekuachia hiyo." Basi akala wote, na mifupa.

Njoo umchukue. Vidonge asikose hata siku moja.

Dk. Abdulhamid

*

Mapera
12 Juni 1994

Mwanangu Daktari,

Mke wangu umenirudishia mzima, nikamtembeza kanisani Jumapili watu wamwone. Protasi mdogo wangu, yule mwenye mdomo, akasema, "Kaka, umeoa tena?" Nikachinja kuku wawili kwa furaha, sengu ikajaa mpaka wengine wakala wamesimama.

Sasa amerudi kulekule.

Vidonge anameza, namsimamia mwenyewe. Lakini mikono imeanza kuwa myeusi tena, na tumbo, na usiku anaongea na mama yake ambaye tulimzika zamani. Juzi alitoka kwenda kisimani akapotea. Kisima anachochota tangu nimemwoa! Mkwe wangu Tadea, mke wa mwanangu, alimkuta amekaa kwenye ngolo za mahindi, yale mashimo yetu ya shambani, ndoo kichwani, anauliza njia ya kwenda kwa Mansuetus.

Protasi anasema ni watu. Anasema mgonjwa anayepona akitoka nyumbani na kuugua akirudi, nyumbani ndiko kuna mkono. Nikamwuliza mkono wa nani, akachukua kofia yake akaaga. Mimi siogopi mchawi, wachawi ndio wananiogopa, lakini nakuuliza wewe uliyesoma: kwa nini kwako anapona na kwangu anaoza? Huko mnamlisha visamaki vya kuhesabu macho. Hapa kuna kuku.

Nijibu upesi.
Mansuetus

*

Hospitalini
30 Juni 1994

Mzee wangu,

Shikamoo. Swali la mzee Protasi ni swali zuri kuliko alivyojibu mwenyewe. Hata mimi ndilo linaloniamsha. Kitu gani kiko kwako hakiko kwangu?

Nimewaza hivi. Kwako kuna kahawa, na kahawa inapigwa dawa. Siku hizi chama cha ushirika kimelegea, dawa zinauzwa na kila mwenye begi, chupa haina hata karatasi. Huenda ni sumu. Mama asiguse bomba la kupulizia, wala ile dawa ya mrututu, wala nguo ulizovaa shambani. Pili, jua: ngozi inaumia pale tu jua linapofika, na wodini alikaa kivulini. Asivune kahawa mwaka huu, avae mikono mirefu. Tatu, vidonge: nimeongeza kipimo, Methodi anavyo.

Haya matatu ndiyo ninayoweza kuyaona nikiwa huku chini. Kuhusu chakula, nisingependa kukurudishia swali ulilokwisha kulijibu.

Bingwa wa pili bado anasema utumbo. Wa kwanza anasema niongeze dawa. Mimi niko katikati yao, Mzee, kama mtoto ambaye wazazi wanagombana.

Dk. Abdulhamid

*

Mapera
21 Agosti 1994

Daktari,

Yote uliyosema nimefanya. Bomba nimelipeleka kwa Othmar mwanangu. Nguo zangu za shamba nafua mimi, mwanaume mzima, watu wanapita wanacheka. Mama Othmar hajagusa tunda hata moja la kahawa. Yuko jikoni tu, kivulini, siku nzima.

Haikusaidia. Amekonda kama mti wa bendera. Midomo imepasuka. Mchana mwingine ananijua, mchana mwingine ananiamkia shikamoo kama mgeni. Kitu kimoja hajasahau: kupika. Jua likifika pale kwenye mti wa mnazareti anawasha moto, vyungu vinakuja sengu kwa wakati, chumvi sawasawa. Mwenye wazimu anapika hivyo?

Usidhani nimeishiwa ndiyo maana nashindwa kumtibu. Sikiliza. Ushirika ulipochelewa kutulipa kahawa, wenzangu walikaa kulia. Mimi nilisikia kwamba sasa biashara ni huria, magari yanafika Kitai kununua maharage, hayaulizi kibali. Mwaka juzi nikawa wa kwanza kijiji hiki kushusha magunia Kitai. Mwaka jana nikashusha tena, mwaka huu tena, ghala likafagiliwa, nikaezeka bati. Na bado kila siku sengu inakula maharage! Huyo ndiye Mansuetus. Mke wangu aliniuliza mara moja tu, mwanzoni, je mzee, tumebakiza? Nikamwambia mwanamke hodari habakiziwi, anajua kupanga. Akapanga. Hajauliza tena.

Wewe mabingwa wako wamekaa Dar wanatibu kwa barua. Njoo mwenyewe. Njoo ule sengu, uone kama hii ni nyumba ya kuugua.

Mansuetus

*

Hospitalini
25 Septemba 1994

Mzee wangu Mansuetus,

Shikamoo. Nakushukuru kwa mapokezi, siku ile niliyopita nikielekea Songea. Ulinikaribisha kama mwanao. Kuku, maharage yaliyoungwa kwa karanga, ulinisimamia mpaka nikashindwa.

Naandika jambo gumu, na naliandika kwa sababu mbele ya ndugu zako nisingeweza kulitamka.

Mlipokuwa mnabishana na mzee Protasi juu ya wanunuzi wa kahawa, niliomba njia nikamwone mgonjwa. Nilimkuta jikoni na Tadea. Mbele yao palikuwa na ugali mweupe na kibakuli cha maji ya chumvi. Anamega, anachovya. Nikauliza mboga iko wapi. Tadea akasema, "Imeenda sengu." Na jana? "Imeenda sengu." Vyungu vinaporudi? "Vinarudi vimefutwa, daktari. Wanaume wanashiba." Nikauliza tangu lini. Akasema tangu maharage yapande gari la Kitai. Yaliyobaki yanatosha sengu tu. Tadea mwenyewe hupita kwa mama yake akala. Mama hapiti kokote. Alimkataza Tadea kusema, mzee asije akaaibika mbele ya ndugu zake.

Mzee, hakuna mkono wa mtu. Hakuna sumu. Ni ule ugonjwa wa wakimbizi, unaitwa pelagra. Mwili ukila sembe tupu miezi na miaka, bila nyama, bila samaki, bila karanga wala maharage, ngozi inaungua juani, tumbo linafunguka, mwisho akili inatoka. Kuni tatu, kamba moja. Vidonge nilivyojivunia havikumponya. Usipa ndio waliomponya, na mimi nikawanyang'anya sifa.

Swali langu la kwanza lilikuwa sahihi. Niliyemwuliza ndiye hakuwa sahihi, maana wewe hujawahi kukaa jikoni, usingeweza kujua. Na yeye nilipomwuliza alikutazama wewe, nami nikaona ni adabu, nikanyamaza.

Anza leo. Ale mboga kabla ya mtu yeyote. Vidonge vya vitamini yenyewe sina, nimeviagiza.

Dk. Abdulhamid

*

Mapera
2 Oktoba 1994

Wewe Abdulhamid,

Umekula kuku wangu kisha ukaingia jikoni kwa mke wangu kunusa vyungu. Baba yako hakuwa na tabia hiyo.

Mke wangu ana njaa? Mimi, Mansuetus? Nina bati, nina kahawa mpaka mtoni, nalisha ukoo, halafu mtu wa ziwani anayeishi kwa visamaki aniambie mke wangu ni mkimbizi!

Nimefanya haki, maana mimi natenda haki. Nimemwita Mama Othmar sengu, wanaume wote wamekaa, nikamwuliza kwa sauti: Mama Othmar, katika nyumba hii unakosa mboga? Akapiga goti, akasema, "Hapana mzee, nashiba." Umesikia? Protasi shahidi. Wote mashahidi.

Tadea nimemrudisha kwao, akajifunze kunyamaza.

Tafuta ugonjwa mwingine.
Mansuetus

*

Hospitalini
9 Oktoba 1994

Mzee wangu,

Shikamoo. Sina hasira. Baba angesema nimekosa adabu, na ni kweli.

Lakini Mama angekuwa mtu wa kusema mbele ya wale wanaume, asingeugua. Nakuomba kitu kimoja. Usimwulize mtu. Siku moja vyungu vikirudi jikoni, vifuate. Funua. Basi.

Methodi anakuletea usipa waliokauka, debe zima, na vidonge, ni vichache, ndivyo vilivyopatikana. Akikataa kula, mwambie kama alivyosema Eunice: mzee ameshakula. Au mlete huku kabla mvua haijakata barabara. Mzee, ugonjwa huu unarudi nyuma ukiuwahi. Ukichelewa, ngozi inarudi na akili hairudi.

Dk. Abdulhamid

*

Mapera
4 Desemba 1994

Mwanangu Daktari,

Barua hii itakaa kwa padri mpaka Methodi apite, na Methodi hapiti. Mvua imekata barabara kwenye mteremko, gari lake limelala matopeni. Nimetaka kumbeba Mama Othmar kwa machela mpaka ziwani, vijana wakasema mzee, maji yamezidi, tutamwua njiani. Nikawaambia mimi nikiwa kijana nilibeba nguruwe wawili kuvuka mto huo. Wakaiweka machela chini. Nikajaribu mwenyewe mpaka ukingoni, nikarudi.

Nilifunua. Sitaandika hapo.

Sengu nimeifunga. Protasi akasimama uwanjani akasema, "Kaka umekuwa mpishi sasa?" Nikamwambia ndiyo, na wewe huna sahani hapa. Nimemfuata Tadea kwao, nimesimama mlangoni kwa wakwe zangu nimevua kofia, amerudi. Nguruwe nimechinja. Maharage nimenunua Kitai, kwa watu walewale niliowauzia. Usipa wako wapo. Mboga ipo, Daktari, jikoni hakuna pa kuweka mguu kwa mboga.

Ngozi inajaribu. Tumbo limepungua. Vidonge alimeza vyote, vimekwisha.

Lakini mboga hali. Usipa nimemsagia nikamchanganyia kwenye ugali, ananusa, anachambua kwa vidole kama mtu anachambua mchele, anatenga. Tadea akimdanganya anakula kidogo, halafu anakumbuka, anaacha. Sasa mimi nakaa jikoni. Hujawahi kuniona nimekaa kwenye kigoda cha jikoni, moshi unaniingia machoni, wanawake wanapita nje wanakohoa kwa kicheko. Nakaa tu.

Jana nilimpakulia mwenyewe. Nyama laini, nimeipasua vipande vidogo, maharage juu. Nikaweka mbele yake. Akaitazama sana. Akaniuliza, "Mzee amekula?"

Nikasema amekula.

"Ameshiba?"

Nikasema ameshiba, Mama Othmar, amekuachia hiyo, kula.

Akanikazia macho, akasema, "Mwongo wewe. Mzee hajarudi."

Nikamwambia mimi ndiye. Mimi Mansuetus, nimerudi, niko hapa, nishike mkono. Akaushika mkono, akaugeuza, akacheka, akasema, "Wewe baba unatafuta chakula. Mzee wangu haingii jikoni."

Kisha akachukua sahani nyingine akaifunika ile, akaisogeza karibu na moto isipoe. Akamega ugali, akachovya kwenye maji ya chumvi.

Sasa nakuuliza wewe, na waulize na wale wa Dar, wote wawili. Nimeitazama sahani ile mpaka moto umezimika. Nikiila mimi nitakuwa nimekula kabla yake tena. Nisipoila hataigusa, maana kwake mzee hajala. Ninyi mabingwa mnafanyaje hapo?

Nijibu kwa gari lolote.

Mansuetus